Jaji Mkuu, Rais na Lango la Ngome: Kusitishwa kwa Habeas Corpus Marekani, 1861

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa majaji wastaafu mlioitikia mwaliko, mawakili wenzangu, wanafunzi wa sheria, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie mamlaka ya mahakama wakati nchi iko vitani. Nimeona nisiizungumzie mada hii kwa ujumla, kwa sababu kwa ujumla kila mtu huikubali, hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani na mawazo yale yale aliyokuja nayo. Nimechagua shauri moja tu, la siku chache za mwisho wa Mei 1861, katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, nchini Marekani. Wanasheria huliita Ex parte Merryman. Lilimsimamisha Jaji Mkuu Roger Taney mbele ya Rais Abraham Lincoln, na mpaka leo watu wenye akili timamu hawajakubaliana nani kati yao alikuwa na haki.

Kabla ya kufika Baltimore, tuitazame hati yenyewe. Maneno habeas corpus ni ya Kilatini, na maana yake ya karibu ni "uwe na mwili wake", yaani mlete hapa mtu uliyemshika. Wanafunzi wengi huidhania kuwa ni amri ya kumwachia mahabusu huru. Sivyo. Hati hii ni swali. Jaji anamwambia mwenye funguo: mlete mtu huyo mbele yangu, kisha unieleze umemshika kwa sheria gani. Jibu likiwa la kisheria, mahabusu hurudishwa ndani na mlango hufungwa kama ulivyokuwa. Nasema mahabusu, wala si mfungwa, kwa sababu hapo hakuna aliyemhukumu bado.

Mwaka 1627 Waingereza walijifunza jinsi swali hilo linavyoweza kujibiwa vibaya. Mabwana watano waliokataa kumkopesha Mfalme Charles wa Kwanza kwa nguvu walitupwa gerezani, na mawakili wao walipoomba hati hii, jibu la msimamizi wa gereza lilikuwa kwamba wameshikwa kwa amri maalumu ya Mfalme. Hapakutajwa kosa, shahidi wala kifungu cha sheria. Majaji waliinama, wakawarudisha ndani. Mwaka uliofuata Bunge lilimlazimisha Mfalme akubali kwamba jibu la namna hiyo si jibu, na mwaka 1679 likatunga sheria ya kuitilia nguvu hati hiyo. Naomba mlikumbuke jibu lile la 1627, kwa sababu miaka 234 baadaye lilirudi, likiwa limevaa sare ya jeshi la jamhuri.

Sasa twende Baltimore. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Aprili 12, 1861, mizinga ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ilipoishambulia Fort Sumter, ngome ya serikali ya shirikisho. Siku tatu baadaye Lincoln aliita askari 75,000, na siku hiyo hiyo akaliitisha Bunge, ila akalipangia kukutana Julai 4. Hesabuni siku hizo: ni themanini. Nitalirudia jambo hilo. Virginia ilipiga kura ya kujitenga Aprili 17, na ramani ikawa mbaya ghafla, kwani mji mkuu wa Washington umekaa kati ya Virginia na Maryland, na Maryland ilikuwa jimbo la watumwa ambalo wengi wa watu wake walikuwa na moyo wa Kusini. Askari waliotoka kaskazini kwa reli kuja kuulinda mji mkuu walipaswa kupita Baltimore. Na Baltimore haikuwa na reli moja inayopenya mji. Treni ilikoma stesheni ya President Street, mabehewa yakafungwa farasi, yakakokotwa mitaani hadi stesheni ya Camden, ndipo safari iendelee. Aprili 19 kikosi cha Massachusetts kilikuwa kikivuka hivyo wakati umati ulipoziba njia kwa mawe na nanga. Walikufa askari wanne na raia kumi na wawili. Usiku ule viongozi wa mji waliagiza madaraja ya reli ya upande wa kaskazini yachomwe moto, ili askari wengine wasipite, na nyaya za simu za maandishi zikakatwa. Kwa siku kadhaa Rais wa Marekani alikaa katika mji wake mkuu bila kujua kama msaada unakuja.

Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu sipendi namna tunavyosomeshwa shauri hili, kana kwamba Rais aliamka asubuhi moja akachoka na Katiba. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Aprili 27 alimwandikia Jenerali Winfield Scott, mkuu wa majeshi, kumruhusu asitishe habeas corpus popote penye upinzani kando ya njia ya kijeshi kati ya Philadelphia na Washington. Ilikuwa barua fupi. Haikutangazwa kwa umma, wala mahakama haikuarifiwa.

Usiku wa kuamkia Mei 25, yapata saa nane, askari waligonga mlango wa mkulima mwenye mali aitwaye John Merryman, karibu na Cockeysville, nje ya Baltimore. Alikuwa luteni katika kikosi cha wapanda farasi cha huko, na alishukiwa kuwa miongoni mwa waliochoma madaraja. Walimtoa kitandani, wakampeleka Fort McHenry, ngome iliyo mdomoni mwa bandari. Mawakili wake walimwendea Jaji Mkuu Taney. Siku ya Jumapili, Mei 26, alitoa hati: Jenerali George Cadwalader, mkuu wa ngome, amlete Merryman kesho yake saa tano asubuhi.

Taney alikuwa na umri wa miaka 84. Alikuwa mwana wa Maryland, na marehemu mkewe alikuwa dada wa Francis Scott Key, yule aliyeandika mashairi ya wimbo wa taifa wa Marekani baada ya kuiona ngome hiyo hiyo ya McHenry ikistahimili mabomu ya Waingereza mwaka 1814. Aliyempelekea hati mkuu wa ngome ile, basi, alikuwa shemeji wa aliyeiimba. Mambo ya familia yaliendelea hata baada ya hapo: Septemba 13, 1861, miaka 47 kamili tangu mabomu yale yaanze kunguruma, mjukuu wa Key, mhariri wa gazeti, alikamatwa na jeshi na kulazwa ndani ya kuta zile zile.

Siku ya Jumatatu ilipofika saa tano, jenerali hakuja na mahabusu hakuja. Alikuja kanali, msaidizi wake, amevaa sare kamili, na mshipi mwekundu na upanga ubavuni, akasoma barua ya mkubwa wake. Barua ilikuwa ya adabu sana. Ilisema Merryman alikamatwa kwa agizo la ofisa mwingine, kwamba anatuhumiwa uhaini, na kwamba jenerali ameruhusiwa na Rais kuisitisha hati hii kwa ajili ya usalama wa umma. Kwa hiyo anamwomba Jaji Mkuu aahirishe shauri mpaka apate maelekezo kutoka kwa Rais. Taney alimuuliza kanali kama amemleta Merryman. Kanali akajibu kwamba hakutumwa zaidi ya kuisoma barua. Hilo ndilo jibu la 1627, mabibi na mabwana. Mwaka ule iliitwa amri maalumu ya Mfalme, na mwaka 1861 ikaitwa ruhusa ya Rais.

Taney alitoa amri nyingine, ya kumkamata jenerali mwenyewe kwa kuidharau mahakama. Kesho yake, Mei 28, marshali wa mahakama, ambaye kazi yake ni kutekeleza amri za majaji, alikwenda Fort McHenry akiwa na karatasi hiyo. Alifika kwenye lango la nje. Akatoa kadi yenye jina lake, akampa askari aipeleke ndani. Akasubiri. Askari akarudi akamwambia kwamba hakuna jibu. Lango halikufunguliwa, na marshali akarudi mjini kutoa taarifa.

Kila mwaka nikilifundisha shauri hili husimama hapo langoni. Kisheria, marshali alikuwa na mamlaka ya kuwaita raia wenye nguvu wamsaidie kumtoa jenerali. Taney aliyakiri mamlaka hayo mbele ya umati uliojaa mahakamani, kisha akasema kwamba kikosi cha namna hiyo kingekutana na nguvu kubwa isiyo na shaka ya kukishinda, na kwa hiyo anamsamehe marshali. Mwenye nguvu mpishe. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, kwa sababu jaji anayewatuma raia wakapigane na ngome ameacha kuwa jaji, amekuwa jemadari asiye na jeshi. Alifanya kitu pekee ambacho jaji anaweza kukifanya na hakuna anayeweza kumzuia. Aliketi akaandika.

Uamuzi wake umesimama juu ya sentensi moja ya Katiba, katika Ibara ya Kwanza, sehemu ya tisa, isemayo kwamba haki ya habeas corpus haitasitishwa isipokuwa pale ambapo, kutokana na uasi au uvamizi, usalama wa umma utahitaji hivyo. Wanafunzi, mlisoma sarufi kabla ya kusoma sheria. Kitenzi "haitasitishwa" kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Katiba inasema lini, haisemi nani. Pengo hilo dogo la sarufi ndilo lililomweka Merryman gerezani.

Taney aliliziba kwa kutazama mahali sentensi ilipowekwa. Ibara ya Kwanza inahusu Bunge. Rais ana ibara yake ya pili, na humo halipo neno hata moja linalomruhusu kumnyima mtu uhuru. Alikumbusha kwamba Rais Jefferson, alipokabiliwa na njama za Aaron Burr mwaka 1807, hakujipa mamlaka hayo, na kwamba suala lilipelekwa Bungeni, ambako Baraza la Wawakilishi lilikataa. Alikumbusha pia kwamba hata Mfalme wa Uingereza hawezi kuisitisha hati hii bila Bunge lake. Hoja ya mahali ina udhaifu wake, kwa kuwa kwenye mkutano wa 1787 sentensi hiyo iliwekwa kwanza katika ibara ya mahakama, ikahamishwa baadaye na kamati iliyopanga maandishi. Hata hivyo nadhani Taney alikuwa sahihi, kwa sababu ambayo haitegemei mpangilio wa karatasi. Ikiwa hati ni swali kwa mwenye funguo, basi kuisitisha ni kumsamehe mwenye funguo asijibu. Msamaha huo hauwezi kutolewa na mkubwa wa mwenye funguo huyo huyo. Wahenga walikwisha kutuonya kuhusu kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

Alimaliza kwa kusema kwamba ametumia mamlaka yote ambayo Katiba na sheria zimempa, lakini mamlaka hayo yamepingwa na nguvu asiyoweza kuishinda. Akaagiza nakala ipelekwe kwa Rais.

Lincoln hakuijibu mahakama. Alilijibu Bunge, lilipokutana Julai 4. Katika ujumbe wake aliuliza: je, sheria zote ziachwe bila kutekelezwa, isipokuwa moja, na serikali yenyewe isambaratike, mradi hiyo moja tu isivunjwe? Swali hilo lina mvuto, na nimewaona mawakili wazoefu wakilinukuu kana kwamba limemaliza mjadala. Lakini habeas corpus si moja kati ya sheria nyingi zilizopangwa kwenye rafu. Ndiyo inayotuwezesha kuuliza kama zile nyingine zinafuatwa. Kwa upande wa Lincoln, lakini, liko jambo la kusemwa kwa haki. Hakukiri kwamba amevunja sheria. Alisema Katiba iko kimya juu ya nani, kwamba hatari ilikuja Bunge likiwa halipo, na kwamba sasa analiachia Bunge liamue kama litatunga sheria. Watawala wengi niliowasoma hawakufika hata hapo. Ila zile siku themanini ninamdai. Aliyeweza kuita askari mara moja angeweza kuwaita na wabunge mapema zaidi.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ningependa kuikwepa, lakini kuikwepa kungekuwa kuwadanganya. Taney huyu ndiye aliyeandika uamuzi wa Dred Scott mwaka 1857, uliosema kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani. Na mwaka 1859 aliandika uamuzi mwingine, katika shauri la Ableman dhidi ya Booth. Sherman Booth alikuwa mhariri wa Wisconsin aliyeshtakiwa kwa kusaidia kumtorosha Joshua Glover, mtumwa aliyekimbia. Mahakama ya jimbo ilimtoa Booth gerezani kwa habeas corpus. Taney, akiwa na majaji wenzake wote, alisema mahakama ya jimbo haina uwezo wa kumtoa mtu aliye mikononi mwa serikali ya shirikisho. Hoja yake ya kisheria ilikuwa na mantiki. Lakini Mmarekani mweusi aliyeusoma uamuzi wa Merryman alikuwa na haki ya kushangaa. Mwenye mashamba aliyeshukiwa kuchoma madaraja alipata hati siku iliyofuata, siku ya Jumapili, kutoka kwa Jaji Mkuu mwenyewe. Mtoro aliyekamatwa chini ya Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850 hakuruhusiwa hata kutoa ushahidi wake mwenyewe. Ndiyo sababu wengi wa upande wa Kaskazini hawakumsikiliza mzee yule mwaka 1861. Walijua kinywa kilichokuwa kikisema. Kanuni aliyoiandika ilikuwa nzuri, na yeye mwenyewe alikuwa ameitia doa lililofanya isisikike pale ilipohitajika.

Merryman alitoka ngomeni mwezi Julai, akakabidhiwa kwa mahakama za kiraia, akashtakiwa kwa uhaini, akapewa dhamana, na shauri lake halikusikilizwa kamwe. Taney alifariki Oktoba 12, 1864, siku ambayo watu wa Maryland walikuwa wakipigia kura katiba mpya ya jimbo, ile iliyokomesha utumwa.

Njia iliyofunguliwa kwa ajili ya reli moja haikubaki nyembamba. Septemba 1862 usitishaji ulitangazwa nchi nzima kwa wote waliokamatwa na jeshi, na wanahistoria wanakadiria kwamba raia zaidi ya 13,000 walishikwa wakati wa vita. Wengi wao hawakuwa wapinzani wa kisiasa. Walikuwa wafanyabiashara wa magendo, watoro wa jeshi, watu wa kuvuka mipaka ya mapigano. Lakini walikuwamo pia wahariri, na alikuwamo Clement Vallandigham, mwanasiasa wa Ohio aliyekamatwa kwa sababu ya hotuba, mamia ya maili kutoka mstari wa vita. Majaji nao hawakuachwa. Mwishoni mwa Mei 1862, huko Easton, Maryland, Jaji Richard Carmichael alivutwa kutoka kwenye kiti chake mahakamani na kupigwa kwa bastola mpaka akatoka damu.

Bunge lilisema neno lake Machi 3, 1863, baada ya karibu miaka miwili, kwa ujanja ambao wabunge wa kila nchi wataufurahia. Sheria ilisema Rais "anaruhusiwa" kusitisha, bila kueleza kama alikuwa na ruhusa hiyo tangu mwanzo au ndiyo kwanza anaipewa. Ila kulikuwa na kifungu kimoja cha maana kubwa: serikali iwape majaji orodha za majina ya waliokamatwa, ndani ya siku ishirini, na jopo la mashtaka likimaliza kikao chake bila kumshtaki mtu, aachiliwe. Swali la jaji lilirudi kwa mlango wa nyuma, kama orodha.

Kifungu hicho ndicho kilichomwokoa Lambdin Milligan, wakili wa Indiana aliyehukumiwa kunyongwa na mahakama ya kijeshi, katika jimbo ambalo mahakama za kawaida zilikuwa wazi kila siku. Mwaka 1866 Mahakama Kuu Kabisa ilisema kwamba raia hawezi kushtakiwa mbele ya askari pale ambapo mahakama ziko wazi na zinafanya kazi. Aliyeandika uamuzi huo ni Jaji David Davis, rafiki wa Lincoln na mmoja wa waliompigania ateuliwe kugombea urais mwaka 1860. Davis aliandika bila kuona haya kwamba wakati wa vita joto la mambo halikuruhusu utulivu unaohitajika kufikiri swali la kisheria. Mizinga ilikuwa imenyamaza zaidi ya mwaka mmoja. Milligan baadaye alimshtaki jenerali aliyemkamata, akashinda, na wazee wa baraza wakampa fidia ya dola tano.

Mtaniuliza, na kwa haki, haya yanatuhusu nini sisi wa upande huu wa dunia. Yanatuhusu kwa njia ya Kampala. Septemba 1972, Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, aliamuru aachiliwe mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi, akisema kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia. Ilikuwa hati ile ile, na swali lile lile. Taney alipotoka kwenda mahakamani katika shauri la Merryman, inasimuliwa kwamba alisema huenda yeye mwenyewe akalala Fort McHenry usiku ule. Hakulala huko, alirudi nyumbani akaandika. Kiwanuka, Septemba 21, alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka ndani ya jengo la Mahakama Kuu, na mwili wake haujapatikana mpaka leo.

Katiba ya Uganda ya 1995, katika Ibara ya 23, ibara ndogo ya 9, inasema kwamba haki ya kupata amri ya habeas corpus haitakiukwa wala haitasitishwa. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 25, imeiweka pamoja na marufuku ya mateso na ya utumwa, miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Sentensi hizo nazo ziko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Safari hii pengo hilo halimwachii mtu nafasi: anayekatazwa ni yeyote yule, Rais na Bunge pamoja. Wengi wa waliotunga Ibara ya 23 waliukumbuka mwaka 1972, na walijua jina la nani lilikuwa chini ya sentensi hiyo.